Neno Moja kwa Watu Wawili

Tangu asubuhi Bi Siwema alikuwa nje ya chumba cha upasuaji. Binti yake yumo ndani, wala hakuna aliyemwambia lolote. Alipozidi kugonga mlango, daktari mgeni alichungulia, akasema, "Please, be patient," akafunga.

Bi Siwema alipandwa na hasira. Kiingereza chake kidogo kilitosha kujua kuwa "patient" ni mgonjwa.

"Ananitaka na mimi niugue?"

"Hapana, mama," mkwewe alisema. "Anakuomba uvumilie. Ni neno lilelile."

"Mgonjwa na mvumilivu, neno lilelile? Watu gani hawa!"

Akaketi sakafuni, mgongo mlangoni, ili atakayetoka asimpite kimya. Mkwewe alitaka kumwinua, akaishia kuketi kando yake. Kitasa kikazunguka.