Arobaini ya Saumu

Siku ya arobaini tangu Saumu afariki, afisa alikuja na beseni la maji, maana sheria haikuruhusu jina la marehemu libaki karatasini zaidi ya hapo. Ndiyo sababu siku hizi kila wino ulitengenezwa ufutike kwa maji.

Bi Mwatime, mchapaji wa mtaa, alimpa kadi ya msiba ya bintiye Saumu. Afisa akaisugua, akaisugua tena. Jina halikufutika.

“Mama, hebu nione mikono.”

Akainyoosha bila wasiwasi. Haikuwa na hata doa. Afisa akainusa.

“Mafuta ya taa,” alisema taratibu. “Haya ni ya kutolea wino wa zamani. Umewachapia wangapi?”

Nyuma ya Bi Mwatime, majirani waliokuja kwenye arobaini walianza kuvaa viatu kimyakimya.