Kadi ya Rambirambi

Nilisoma mstari ule mara mbili, kidole kimeganda ukurasani: "Hinayana maana yake ni gari duni. Ni jina walilobandikwa na wapinzani wao. Wabuddha wa Sri Lanka hujiita Theravada, yaani mafundisho ya wazee."

Wiki iliyopita darasa la jioni la dini liliisha tukiwa tumefikia jina hilo la kwanza tu, bila maana yake. Nami, kwa kujitia msomi, nikaliandika kwa wino wa dhahabu kwenye kadi ya rambirambi: "Mungu awafariji, ninyi watu wa Hinayana." Wafanyakazi wenzetu kumi na wanane wa hoteli wakatia sahihi chini yake.

Nilikimbia hadi bwenini. Dilrukshi, mwenzangu wa chumba kutoka Sri Lanka, alikuwa amekalia sanduku ili zipu ifunge.

"Kadi yetu iko wapi, dada?"

"Ndani kabisa, nimeifunga kwenye sari nyeupe. Kaka yangu mtawa ataisoma mbele ya watu wote, kwenye mazishi ya mama."

"Wewe umeisoma?"

"Sijaweza. Nikigusa bahasha tu, nalia."

Dereva wa basi la uwanja wa ndege alichungulia mlangoni. "Mama Masomo, mwachie mwenzako. Ndege haingoji kengele ya darasa."

Nilipiga magoti, nikamwomba Mungu anipe maneno. Hakunipa mazuri. Nikashika zipu.

"Inuka kidogo," nikamwambia. "Humo ndani nimemtukana mama yako."