Maharage Yasiyo na Chumvi

Katika yote ninayomkumbukia marehemu mama, naishukuru zaidi siku niliyosahau chumvi.

Alikuwa mnene, lakini miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Ili apungue, alijinyima hadi akawa anashindia chai tupu. Kuinuka kitini, mpaka mimi na mama mdogo tumvute mikono.

"Mwili mkubwa, mama, lakini misuli ina njaa," mtaalamu wa lishe alimwambia. "Punguza sukari na mafuta. Maharage, mayai na samaki usiache, na kila siku jizoeze kuinuka."

Alitii kwa miezi, huku akinung'unika.

Mchana ule alionja maharage, akakunja uso.

"Mwanangu, haya umempikia mgonjwa?"

Akainuka, bakuli kalishika kwa mikono miwili, akaenda zake jikoni. Hakuna aliyemgusa.

Mama mdogo alinifinya paja ninyamaze. Tukabaki tunakitazama kiti, mto wake wa kukalia ukiwa bado umebonyea.

"Mnatoa macho ya nini?" mama aliuliza mlangoni, akitafuna. "Hamjaona mtu akifuata chumvi?"

"Keti kwanza, dada," mama mdogo akasema. "Halafu uifuate tena."