Chupa Tatu za Ampisilini

"Usifungue hiyo chupa!"

Mwanamke aliyekuwa katika uchungu alimkamata mkunga Marie-Jeanne mkono, sindano ikabaki hewani.

"Darlène, niachilie."

Hakuachia. Ilibidi mkunga aite tena, "Darlène, mwanangu!" Hapo yule binti akageuza macho kama aliyegutuliwa usingizini, na vidole vikalegea.

Barabara ya Kasongo ilikuwa imekatika mahali pawili kwa mvua. Siku ya nne sasa, pikipiki ya dawa ilikuwa imekwama hukohuko. Katika kituo kile kidogo cha afya, upande wa Kabambare, zilibaki chupa tatu tu za ampisilini, za kumtosha mzazi mmoja. Mezani fishi, ile kadi ya kliniki ya mimba, ilikuwa wazi, na ndani yake karatasi ya maabara ya Bukavu: Darlène Lwamba, streptokoki B, ipo.

Marie-Jeanne alieleza kwa mara ya tatu, polepole.

"Hii mikrobe, kadudu haka, haikuumizi weye. Iko tu mu njia ya mutoto. Wengi wanapita salama. Lakini ikimushika mumoja, siku ya kwanza anakataa ziwa, ya pili anapumua mbiombio, ya tatu..."

Siku hiyo ya tatu aliijua. Mvua za mwaka jana alimfunga mtoto mmoja wa namna hiyo ndani ya kitenge akazikwe, kwa mikono yake mwenyewe, na mpaka leo hapiti karibu na nyumba ya mama wa mtoto huyo.

"Dawa ikiingia sasa, mbele ya kuzaa, inamukinga. Daktari wa Bukavu alikuelezea yote hii, si ndiyo?"

"Alieleza... ndiyo. Alieleza."

"Basi shida ni nini?"

"Naogopa sindano."

"Sindano! Mimba ya tatu na ungali unaogopa sindano? Na tangu asubuhi unapiga makelele sawa vile mwenye mimba ya kwanza!"

Mkunga alijaribu kucheka. Uchungu ulirudi, binti akauma pindo la kitenge mpaka machozi yakamtoka.

Karibu na mlango, mama mkwe wa binti, mama Louise, alikaa kwenye kigoda akivuta shanga za rozari. Marie-Jeanne akamgeukia.

"Mama, sema naye basi. Huyu mutoto si mujukuu wako?"

Mama Louise aliinamisha macho. "Wote ni wajukuu wangu," alisema.

Jibu gani hilo! Mkunga alitamani kumtingisha mabega.

Mkubwa wa kituo, Ruphin, akachungulia. Alikuwa mtu wa sheria. Mlangoni kwake kumeandikwa kwa chaki kwamba asiye na fishi hapokelewi, na si maandishi ya bure: wiki iliyopita alimrudisha mwanamke aliyeiacha nyumbani, naye akazalia kwenye matete.

"Amekataa? Andika kwamba amekataa, atie kidole. Hatutapigana na mutu mukubwa."

Kidole kikachovywa katika wino. Marie-Jeanne alingoja Ruphin aondoke, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya hata mara moja katika miaka kumi na moja ya kazi. Alipiga magoti kwenye saruji, chupa mkononi.

"Mwanangu, nakuomba. Weye utapona. Mimi sikuombi juu yako. Ni juu ya mutoto."

Binti akashindwa kujizuia. Alilia kwa sauti, mkono juu ya tumbo.

"Najua, mama. Na mimi nakataa juu ya mutoto."

Mkunga alisimama, magoti yakimuuma, akarudisha chupa kwenye sinia pamoja na nyingine mbili.

Saa nane mchana mtoto alizaliwa, wa kike, akalia mpaka mbuzi wa uani wakainua vichwa. Mama Louise alipiga kigelegele kimoja, kifupi. Marie-Jeanne hakufurahi. Alimpangusa, akamlaza juu ya kifua cha mama yake, akaanza kuhesabu pumzi. Akahesabu tena. Akagusa paji, akagusa nyayo, akaweka sikio mgongoni.

"Ananyonya," binti akanong'ona.

"Leo ananyonya. Ni kesho ndiyo naogopa." Alionyesha sinia kwa kidevu. "Sikia vizuri: homa ikimupanda, nitafungua hizo chupa na nitamuchoma sindano. Sitakuuliza tena."

Binti alifungua kinywa kusema jambo. Akamwona Ruphin akipita na madaftari yake, akamkumbatia mwanawe zaidi.

Saa kumi kamili pikipiki ya abiria ilizima uani. Mwanamke alishushwa kutoka kiti cha nyuma, tumbo limeshuka, matope mpaka magotini, maji ya uzazi yakimtiririka miguuni. Alikuwa peke yake na dereva.

"Fishi yako iko wapi?" Ruphin akauliza.

Mwanamke alishika nguzo ya mlango, akipumua kwa mdomo.

"Acha fishi kwanza, kichwa cha mutoto kiko chini!" Marie-Jeanne alimpita mkubwa wake kwa bega, akamshika yule mwanamke kwapani, akamwingiza ndani mpaka kitanda cha pili.

Kwenye kitanda cha kwanza, binti alijiinua kwa kiwiko, mtoto akiwa bado kwenye ziwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Usiogope, dada Darlène," alisema. "Fishi uliyoniazima iko mezani, na chupa nimekuchungia zote tatu."