Tarumbeta Uani

“Kaka, nijipashe kidogo hapa nje?” Cyprian alimuuliza mwenyeji wake, tarumbeta mkononi.

Ilikuwa Januari 1974, uani mwa chuo cha muziki, Stockholm. Ndani, maprofesa walikuwa wakiwasikiliza waombaji wa shahada ya juu, klasiki kwanza, halafu jazi. Nafasi ya tarumbeta ilikuwa moja.

Mwenyeji huyo, aliyempokea kwake mtaani Rågsved juzi na kumpikia ugali, naye aliitaka nafasi hiyo. Yeye alishaizoea baridi ya huku. Kipande cha kupulizia cha tarumbeta yake alikuwa amekibana kwapani, chini ya sweta, kipate joto, kama wafanyavyo wapigaji wote wa mji huu.

Aliitazama tarumbeta ya Cyprian. Ilikuwa imeshaota utando wa barafu.

“Jipashe, mdogo wangu,” alisema. “Puliza kwa nguvu.”

Cyprian akaibana midomoni. Chuma chenye barafu kikagandia midomo yake yenye unyevu. Alipoivuta, ngozi ya mdomo wa juu ilibaki kwenye chuma, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Mlango ukafunguliwa. Mama mmoja akaliita jina la Cyprian.

Leso ilikuwa mkononi mwa mwenyeji tangu mwanzo.

“Jifute, uingie,” alisema. “Wazungu hawapendi kungojeshwa.”