Mgomba wa Mwisho

Bi Rukia alirudi kutoka kambi ya kipindupindu akiwa hai, akakuta kaburi lake limeshachimbwa. Siku hizo waliopelekwa kule walirudishwa ndani ya turubai, na Makame, mchimba kaburi, alikuwa ameamua kuwahi.

"Nisamehe, bibi," alisema, akikwepa macho yake. "Lakini halifai kuachwa wazi. Litamwita mwingine."

Kaburi likikosa maiti, huzikwa mgomba. Lakini mvua ilikuwa haijanyesha mwaka wa pili sasa, na mgomba uliobaki mtaani ulikuwa mmoja tu, nyuma ya jiko la Bi Rukia, ukiishi kwa maji ya kuoshea vyombo.

Bi Rukia akampeleka Makame hadi nyuma ya jiko.

"Usiukate, Makame. Ung'oe na mizizi yake."

"Kaburi linataka mizizi ya nini?"

"Naitaka mimi."

Makame na majirani wakaulaza kwa ubavu wa kulia, kama maiti, wakaufukia. Watu walipoondoka, Bi Rukia alibaki na kopo lake la maji ya kunywa ya siku nzima. Alipiga funda moja. Akautazama udongo mkavu, kisha akaliinamisha kopo pale ilipolala mizizi.