Nyama ya Pilau

Siku hizo hakuna mgahawa ulioruhusiwa kupika bila mizani ya kompyuta, inayofuatilia gharama ya kila kinachoingia chunguni na kusema inachokiona. Asubuhi moja mizani ilimwambia Mwanakombo, "Nyama ya pilau imepungua tena. Anayeichukua ni mtu wa nyumbani."

Jikoni walikuwa wawili tu, yeye na mumewe Shekue.

"Mume wangu, umeila nyama?"

"Nimeonja chumvi tu, wallahi! Unaamini mashine kuliko mimi?"

Mwanakombo aliona haya, akamwomba radhi. Lakini Shekue alipotoka kwenda msikitini, alifunga mlango, akaisogelea mizani na kuinong'oneza, "Haya, niambie. Ananificha nini kingine?"